Konekta za nyaya kwenye ndege ya kujitengenezea: usianze na bei, anza na mahali itakapokaa

Kila ikisambaa video ya kijana aliyetengeneza ndege uani kwao, magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza yanachemka siku mbili tatu na ubishi ni uleule, injini katoa wapi, mabawa ni ya bati gani, itapaa haitapaa. Wengine wanampongeza, wengine wanamwita kichaa. Ila ni nadra kukuta mtu anauliza nyaya zake zimeungwa na nini, na mimi naona hilo ni swali la maana sana, kwa sababu ndege inaweza kuwa na injini nzima na bawa zuri halafu ikakusumbua angani kwa ajili ya kiungo kimoja cha waya kilicholegea nyuma ya dashibodi.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Ndege ya kujitengenezea ni ile ambayo mwenyewe unaiunda, ama kwa ramani na vipande unavyokata wewe, ama kwa kununua seti ya vipande kiwandani na kuviunga nyumbani. Huko Marekani hili ni jambo la kawaida kabisa, kuna chama chao kinaitwa EAA tangu 1953, na sheria yao inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na mtu kwa ajili ya kujifunza au kwa mapenzi yake, siyo kiwanda. Konekta sasa ni kitu chochote kinachounganisha waya na waya, au waya na kifaa, iwe terminali ya duara inayobanwa na nati, iwe soketi na plagi yenye pini kumi na tano, iwe ile ya kuchomeka tu kwa kidole. Na kuna maneno mawili zaidi utakutana nayo humu, ampia ni wingi wa umeme unaopita, ukinzani ni ule ubishi ambao umeme unakutana nao njiani, ukinzani ukiwa mkubwa umeme unageuka joto.

Mtu atauliza, kwa nini usipitishe waya mmoja mzima bila kiungo ukamaliza? Ungeweza ungefanya hivyo, na kanuni ya kwanza ya fundi mzuri ni viungo vichache iwezekanavyo. Lakini bawa lazima litoke siku ukitaka kusafirisha ndege, redio lazima itoke ikiharibika, injini lazima ishuke ikifika muda wake wa kufunguliwa. Kila kitu kinachotoka kinahitaji konekta, hakuna namna.

Sasa ndani ya konekta kunatokea nini? Chukua barabara ya kwenda Sengerema enzi za kivuko. Lami nzuri, magari yanatiririka, yakifika Kigongo yanapanga foleni maana wote wanasubiri chombo kimoja. Daraja la Kigongo–Busisi la kilometa 3 lilipofunguliwa Juni 2025 foleni ikaisha, na barabara ya huku na kule ni ileile, kilichobadilika ni pale pa kuvukia tu. Waya ni barabara, konekta ndio pa kuvukia. Kwa macho unaona vyuma viwili vimegusana vizuri lakini ukweli ni kwamba vinagusana kwenye vidoa vidogo vidogo sana, na umeme wote unajibana kupita hapo. Ukibana vizuri vidoa vinakuwa vingi na vipana. Ukibana vibaya vinakuwa vichache, foleni inaanza, na foleni ya umeme ni joto.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme kiungo kimelegea mpaka kina ukinzani wa 0.01 om, yaani kitu kidogo ambacho mita ya kawaida ya fundi haikioni kabisa. Ukipitisha ampia 30 hapo, unapata wati 9 za joto kwenye kipande cha shaba cha milimita chache, saa nzima ya safari. Joto linalainisha plastiki, chuma kinapanuka na kusinyaa, kutu inaingia, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, na mzunguko huo haurudi nyuma wenyewe. Ndio maana unakuta konekta ya taa kubwa ya gari imeungua nyeusi wakati fyuzi ni nzima, fyuzi haikuona tatizo kwa sababu ampia hazikuzidi. Fyuzi inalinda waya usiungue ukipata shoti, hailindi kiungo kilicholegea, na hili watu wengi hawalijui.

Halafu kuna mtikisiko. Injini ya Lycoming inayofungwa kwenye ndege nyingi za namna hii inazunguka mara 2,700 kwa dakika wakati wa kupaa, hiyo ni mara 45 kila sekunde, na Rotax 912 mhimili wake unafika 5,800. Kila waya ulioachwa unaning'inia unacheza kwa mwendo huo, na shaba ukiikunja huku na huku inachoka na kukatika. Kwa sababu hiyo waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene tunaonunua kwa roli kule Makoroboi, hauna nafasi kwenye ndege hata uwe mpya namna gani. Kinachotakiwa ni waya wa nyuzi nyingi, ule wa ndege wa namba 22 (namba ni kipimo cha unene wa waya) una nyuzi 19, zimepakwa bati juu, na ganda lake linavumilia nyuzi joto 150. Ganda la PVC la kawaida halifiki huko na likiungua linatoa moshi wa sumu ndani ya chumba kidogo ambacho huwezi kufungua mlango ukashuka. Ndege ya Swissair namba 111 ilianguka baharini karibu na Kanada tarehe 2 Septemba 1998 wakafa watu 229, na uchunguzi ulionyesha moto ulianzia juu ya dari karibu na chumba cha marubani, cheche za waya zikawasha kitambaa cha kuzuia joto na sauti. Ile ilikuwa ndege kubwa ya abiria yenye mafundi wa daraja la juu. Waya si kitu cha kumalizia haraka haraka Jumapili jioni.

Sasa ule ubishi mkubwa wa mafundi, risasi au kubana?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kuchomea kwa risasi ndio kiungo cha uhakika na kubana kwa plaizi ni kazi ya mtu mvivu. Kwenye redio iliyokaa mezani sawa. Kwenye kitu kinachotikisika mambo yanageuka, kwa sababu risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi za waya kama sentimita moja hivi na kuufanya waya pale uwe mgumu kama msumari, halafu pale ugumu unapoishia na ulaini unapoanzia ndipo mtikisiko wote unapokusanyika, na ndipo waya unapokatika, mara nyingi ndani ya ganda ambapo huoni kitu. Simaanishi risasi ni haramu kwenye ndege, hapana, zipo plagi za pini nyingi zinazochomewa risasi na zinafanya kazi miaka, ila lazima waya ushikwe na kufungwa nyuma ya kiungo usicheze kabisa. Kubana kwa kifaa sahihi kunakupa kitu kingine: shaba ya waya na shaba ya terminali vinaminywa mpaka hewa haipati pa kupita katikati, na mahali hewa haipiti kutu haiingii.

Neno zito hapo ni kifaa sahihi. Plaizi ile ya elfu chache yenye rangi tatu mdomoni haijui umebana kiasi gani, leo umebana kwa nguvu kesho umechoka umebana nusu. Kifaa cha kubana chenye meno ya kufungia hakifunguki mpaka kifike mwisho, kwa hiyo kiungo cha kwanza na cha mia vinabanwa sawasawa. Na kinabana sehemu mbili kwa wakati mmoja, shaba mbele na ganda la waya nyuma, hiyo ya nyuma ndiyo inayopokea mtikisiko ili shaba isichoke.

Chukua terminali ya duara nyekundu tuiangalie kwa karibu. Nyekundu ni ya waya namba 22 hadi 16, bluu 16 hadi 14, njano 12 hadi 10, na kumbuka kwenye namba hizi waya mkubwa ndio una namba ndogo, 22 ni kama 0.33 ya milimita ya mraba na 12 ni kama 3.3. Unamenya ganda milimita tano sita hivi, unahesabu nyuzi, ukikuta hata moja imekatwa na kisu unakata unaanza upya. Hausokoti sana. Unausukuma mpaka ganda liingie kwenye sehemu pana ya plastiki nyuma na nyuzi zitokeze kidogo tu mbele ya bomba, kama milimita moja, zikipita zaidi zitagusa nati. Unaweka kwenye kifaa upande wa rangi yake, unabana mpaka kiachie chenyewe. Halafu unavuta. Siyo kuvuta kwa adabu, unavuta kweli. Ukichunguza terminali za bei ya chini utakuta ile plastiki ya nyuma ni plastiki tupu, zile za daraja la ndege kama PIDG zina kikombe cha shaba ndani ya plastiki ndicho kinachokumbatia ganda la waya. Kwa nje zinafanana kabisa, na hapo ndipo watu wanapoibiwa.

Tukishaelewa hayo kuchagua kunakuwa rahisi, na swali la kwanza linakuwa konekta hii itakaa wapi, halafu itapitisha ampia ngapi, halafu kifaa cha kuibana ninacho au sina. Kama kifaa huna, basi hiyo siyo konekta yako, hata kama umepewa bure.

Upande wa injini, mbele ya lile bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani, kuna joto, mafuta, maji ya mvua na mtikisiko wa kuua. Huko konekta za kuchomeka kwa kidole zisikanyage kwenye nyaya za muhimu. Waya wa staata, wa betri na ule mnene wa altaneta vinataka terminali ya duara, bolti, washa ya kufungia na nati iliyokazwa kwa kipimo, na waya ushikwe na klempu karibu na hapo ili uzito wake usininginie kwenye terminali. Nati ya altaneta ikilegea umeme wa kuchaji unaenda na unabaki na betri peke yake. Injini za zamani zenye magneto, kifaa kinachojitengenezea chenyewe umeme wa cheche, zitaendelea kuzunguka hata ndege nzima ikizima umeme, lakini hizi za kisasa zenye sindano za mafuta na kompyuta, kama Rotax 912 iS, zinakula umeme ili ziwake, na hapo kiungo cha waya kinakuwa kiungo cha uhai. Kwa mtu anayefikiria kutoka Mwanza kwenda Bukoba na sehemu kubwa ya njia ni maji matupu chini yake, nadhani anaelewa.

Kama mbele huko unahitaji kitu kinachofunguka bila spana, mfano kwenye vipima joto vya injini, zipo konekta zenye mpira wa kuziba maji na kufuli, Deutsch DT ni mojawapo, zinatumika kwenye malori na mitambo ya machimbo. Kanda yetu hii ya machimbo, Geita pale ng'ambo, fundi wa mitambo anazifahamu kuliko fundi wa ndege. Na hapa nivunje imani moja, kwamba kila kitu cha ndege lazima kiandikwe "cha ndege". Siyo kweli. Konekta ya lori iliyotengenezwa vizuri, ikabanwa na kifaa chake, ni bora mara nyingi kuliko konekta ya kijeshi ya bei mbaya iliyobanwa kwa plaizi na meno.

Nyuma ya dashibodi hali ni nyingine kabisa, hakuna maji, hakuna joto kali, lakini kuna nyaya nyingi nyembamba za redio, GPS na vipimo. Huko zinatawala zile plagi za umbo la herufi D zenye pini 9, 15, 25 au 37, zile zile tulizoziona nyuma ya kompyuta za zamani. Usizidharau kwa sababu ya kompyuta. Ukizitumia zenye pini za kuchonga na kubanwa, ampia 5 hivi kwa pini haina shida, zimeshikwa na skrubu mbili pembeni hazichomoki, na pini ikikosea unaitoa na kuirudisha bila kuharibu plagi nzima. Kwa taa na swichi zinafaa zile bapa za kuchomeka za milimita 6.3, mradi ziwe za kukaza kweli, ukichomeka uhisi inagoma kidogo. Zikiingia laini kama kwenye siagi tupa.

Suala la dhahabu nalo linachanganya watu. Pini zilizopakwa dhahabu hazijawekwa kwa urembo wala kwa sababu dhahabu inapitisha umeme zaidi, shaba inapitisha zaidi ya dhahabu. Sababu ni kwamba dhahabu haishiki kutu, na kwenye waya wa ishara umeme ni mdogo sana hauna nguvu ya kutoboa hata utando mwembamba wa kutu. Kwa umeme mkubwa kupaka bati kunatosha. Kosa kubwa ni kuchanganya, pini ya dhahabu ndani ya soketi ya bati, zikisuguana kwa mtikisiko zinatengeneza ungaunga wa kutu na siku moja kipimo kinaanza kucheza mara kipo mara hakipo, tatizo ambalo chini kwenye karakana hulipati kamwe.

Kebo ya antena ina konekta zake, BNC ndiyo ya kawaida, na kebo ya RG-400 inavumilia joto kuliko RG-58 ya kawaida. Hapo usibuni chochote, tumia konekta iliyotengenezwa kwa kebo hiyo hiyo.

Vitu vya kuacha nje ya ndege kabisa: zile kofia za plastiki za kusokota nyaya za nyumba, vile vibanio vya plastiki vya skrubu vinavyokatwa katwa (skrubu inalegea na inakata nyuzi), na kusokota nyaya mbili ukafunga tepu nyeusi. Tepu kwenye joto letu inatoa gundi, inateleza, baada ya miezi inabaki shaba wazi.

Ziwa nalo lina maneno yake. Bahati yetu maji ya Victoria ni maji baridi, hatuna ile chumvi inayowatesa wa Tanga na Mombasa, lakini unyevu tunao mwaka mzima na umande wa asubuhi unaingia hata kwenye banda. Angalia nyaya za taa za wavuvi wa dagaa pale Kirumba, shaba isiyopakwa bati imegeuka kijani mpaka ndani ya ganda. Kwa hiyo chagua waya uliopakwa bati, plagi za kwenye bawa zielekezwe mdomo chini au pembeni siyo juu, na waya kabla haujaingia kwenye konekta uushushe kidogo kisha uupandishe, tone la maji likidondokea pale chini lisiingie ndani.

Kuhusu waya wa kurudisha umeme, ule mafundi wa magari wanaita wa bodi, tatizo lake ni kwamba watu wanauchukulia kama hauna umuhimu. Umeme unaokwenda lazima urudi na ampia ni zilezile. Kwenye ndege ya bati la aluminiamu unaweza kurudishia kwenye mwili lakini aluminiamu inajifunika utando usiopitisha umeme, inabidi ukwangue ndipo ufunge. Ndege ya faiba haipitishi kabisa, kila kifaa kinahitaji waya wake wa kurudi. Na vifaa vya redio na vipimo virudi sehemu moja, la sivyo mvumo wa altaneta utausikia masikioni safari nzima.

Sheria pia ipo. Hapa Tanzania ndege yoyote ya kurusha mtu inapita kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na usajili wetu unaanza na 5H. Nenda kwao mapema ukiwa bado unachora, siyo siku ya kuruka, na weka picha na mchoro wa kila waya ukiwa na namba yake kwenye ncha zote mbili, maana mkaguzi hawezi kuona ndani ya bawa ulilokwishafunga.

Mwisho ni jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kabla hajagusa ndege. Terminali ukinunua boksi mjini, zina jina zisiwe na jina, bana vipande kadhaa vya majaribio kwa waya na kifaa utakachotumia. Funga terminali kwenye msumari ukutani, ning'iniza ndoo kwenye ncha ya pili ya waya, jaza maji taratibu. Waya namba 22 unatakiwa ushike karibu kilo 7 bila kuchomoka, namba 20 karibu kilo 9, namba 18 kilo 17 na kidogo, namba 16 karibu kilo 23, lita moja ya maji ni kilo moja na usisahau uzito wa ndoo yenyewe. Waya ukikatika katikati juu ya uzito huo terminali ikabaki imeshika, umebana vizuri. Waya ukichomoka mzima kwenye terminali, boksi hilo au plaizi hiyo irudi dukani.